Supachaja ya 1G-GZE kwenye Mark II GX90: sampu inagusa krosimemba, puli inakaribia feni, boneti haifungi

mkazi_wa_chuno (Mtwara) ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kubadili injini na kuweka yenye supachaja, kwa sababu mimi na fundi wangu tumefika mahali ambapo kila mmoja anashikilia lake, huku injini ikiwa bado inaning'inia kwenye cheni bloku.

Gari ni Toyota Mark II GX90 iliyokuja na 1G-FE. Injini tunayoipandisha ni 1G-GZE niliyoinunua Dar es Salaam, iliyotolewa kwenye Crown, ikiwa na supachaja yake (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, inayoendeshwa na mkanda) ya SC14, waya zake na kontroli boksi yake. Niliichagua kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na ile ya zamani: silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 1,988, kipenyo cha silinda milimita 75 na mwendo wa pistoni milimita 75. Bloku yenyewe haijatupa shida. Shida iko kwenye vitu vinavyoizunguka.

Kwanza, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inakalia krosimemba ya mbele (chuma kinachokatiza chini ya injini) kabla maunting, yaani raba zinazobeba injini, hazijafika kwenye matundu yake. Zinabaki milimita 12 hewani. Pili, feni ya asili, ile inayoendeshwa na mkanda, inapita milimita 5 tu kutoka kwenye puli ya supachaja, na tukiisogeza mbele inaanza kukaribia rejeta. Tatu, intakula ya asili, ile ya kupooza hewa inayotoka kwenye supachaja, haikuja na injini, kwa hiyo tumefunga nyingine mbele ya rejeta na mabomba yake tumeyatengeneza wenyewe kwa bomba la milimita 60. Bomba la kwenda linapita juu ya injini na kuizuia boneti isifike kwenye kufuli yake, na bomba la kurudi linapita upande wa dereva likiwa limebanana na busta ya breki (kile chungu kinachosaidia mguu kusukuma breki).

Fundi anapendekeza tukate krosimemba kwa grainda, tutoe kipande chenye umbo la mwezi mchanga pale sampu inapogusa, na boneti tuitoboe. Pia anataka tuondoe lile bomba la baipasi, linalopitisha hewa pembeni ya supachaja, ili tupate nafasi zaidi, na hata kuigeuza supachaja kidogo kwenye braketi yake ili puli ishuke. Anasema kazi ya namna hiyo ameifanya na gari likatembea. Simdharau, kwa kuwa ni mtu ninayemheshimu na mkono wake ni mzuri, lakini gari hili nabeba nalo familia kwenda Masasi na Newala, na moyo wangu hautulii nikifikiria krosimemba iliyonyofolewa.

Ile injini ya zamani nilishaiuza ikiwa na sampu yake. Je, nianze kutatua lipi, na ni lipi hapo linaruhusiwa kukatwa?

fundi_wa_mitwero (Lindi) amejibu:

Ndugu yangu wa Chuno, mwambie fundi aweke grainda chini kwanza. Katika orodha yako yote kitu kimoja tu kinaweza kukatwa bila kuleta hatari, nacho ni sampu. Krosimemba ya GX90 haikuwekwa pale kwa ajili ya kubeba injini peke yake. Mikono ya chini ya sasipenshini ya mbele imefungwa hapo hapo, kwa hiyo kila unapofunga breki na kila tairi linapoingia kwenye shimo, nguvu hupitia kwenye chuma hicho. Ukikinyofoa mwezi mchanga, ufa hautaanza siku hiyo. Utaanza baadaye kwenye kona ya mkato, na utauona pale gari litakapoanza kuvuta upande mmoja. Huku kwetu pwani, kidonda cha grainda kisichopakwa rangi vizuri huliwa na chumvi upesi.

Nafasi baina ya vipuri huwezi kuipima injini ikiwa inaning'inia, wala ikiwa imekaa juu ya raba zilizochoka. Nunua maunting mpya za mbele na ile ya giaboksi, uzifunge, kisha ndipo uanze kupima. Raba iliyokufa hushuka milimita kadhaa, na mara nyingi hushuka upande mmoja kuliko mwingine. Mtu akipima juu ya raba hizo anatengeneza mabomba yanayofaa kwa siku hiyo tu. Akibadili raba mwaka ujao, injini inapanda na boneti inagongwa.

Kuhusu wazo la kuinua injini kwa washa nene (vibati vya duara) chini ya maunting, ambalo najua litatokea akilini mwa mtu hata kama hukulitaja, fanya hesabu kwanza. Zile milimita 12 ni za kufikia hali ya kugusana tu. Sampu inahitaji nafasi ya milimita 20 hivi juu ya krosimemba, kwa hiyo ungelazimika kuinua milimita 32. Chukulia kwamba kutoka maunting za mbele hadi ya giaboksi ni kama milimita 900: kuinua mbele peke yake kwa milimita 32 kunainamisha injini na giaboksi kwa takribani digrii mbili. Hapo pembe ya jointi ya propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma) inayotoka kwenye giaboksi haitalingana tena na ile ya kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), na pembe hizo zikipishana kwa zaidi ya digrii moja hivi utaanza kusikia mtetemo kwenye sakafu ukiongeza mwendo. Kama propela yako ni ya vipande viwili, beringi ya katikati nayo inaingia kwenye hesabu. Na boneti ambayo tayari haifungi ingekuwa imeongezewa mzigo wa milimita 32. Kwa ufupi, kuinua injini kunatibu tatizo moja na kuyalisha mengine mawili.

Kwa hiyo utaratibu wangu huanzia nyuma kuja mbele. Ninafunga giaboksi mahali pake pa asili, ninaweka simu yenye kipimo cha pembe juu ya uso ulionyooka wa giaboksi, kisha kwenye difu, na ninahakikisha vinakwenda sambamba. Hapo mahali pa injini pamekwisha kuamuliwa, na kuanzia hapo ni vitu vingine vinavyoifuata injini, si injini kuvifuata. Sampu itabadilishwa umbo, mabomba yatapindwa upya, feni itabadilishwa.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni kwamba injini haitulii. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini hizi zikizunguka kuelekea kulia ukizitazama kutoka mbele, kila unapokanyaga mafuta bloku inajibu kwa kujipinda upande wa pili: upande wake wa kushoto unainuka, na kichwa chake kinaegemea kulia, yaani kwa dereva. Ukiweka rivasi inaegemea upande mwingine. Ndiyo maana lile bomba lako la kurudi, lililobanana na busta ya breki, linanitia wasiwasi kuliko hata boneti. Bomba likiwa limefungwa kwenye injini nalo linatembea pamoja nayo, na linatembea kuelekea kwenye busta hasa wakati injini inavuta. Acha milimita 25 hapo. Kati ya vitu viwili ambavyo vyote vimefungwa kwenye injini, milimita 8 hadi 10 zinatosha, kwa sababu vinatikisika pamoja.

Ukitaka kuona mwenyewe, funga kila kitu, kisha chukua mtaimbo na kipande cha ubao, uisukume injini kulia na kushoto taratibu kwenye maunting zake huku mwenzako akitazama na tochi mahali panapobana. Usiegemeze mtaimbo kwenye sampu, wala kwenye puli.

dereva_wa_newala amejibu:

Mimi si fundi, ila nimemiliki magari ya silinda sita huku juu kwa muda mrefu, na ninataka kuzungumzia feni, kwa sababu naona watu watakimbilia kumwambia aweke feni ya umeme na kumaliza mazungumzo.

Mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi unaupanda kwa gia ndogo, mwendo mdogo, injini ikivuta kwa nguvu na jua likiwa mgongoni. Hewa inayoingia kwa mwendo wa gari ni ndogo mno, kwa hiyo kazi yote inaifanya feni. Sasa mwenzetu ameweka intakula mbele ya rejeta, na nyuma ya intakula kuna kondensa ya AC, ndipo ifuate rejeta. Hewa inafika kwenye rejeta ikiwa imekwisha kupashwa moto mara mbili. Feni ya umeme ya bei rahisi, zile nyembamba zinazofungwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopenyezwa kwenye mapezi ya rejeta, haitaweza hapo, na vijiti vyenyewe vitakula mapezi hadi rejeta ivuje.

Ningemshauri abaki na feni ya asili na atafute namna ya kuisogeza. Lakini kama mafundi wanaona haiwezekani, basi aweke feni mbili za umeme zenye kava kamili linalofunika uso wote wa rejeta, na rilei na fyuzi kwa kila feni. Kuhusu boneti, mimi ningeitoboa tu na kuweka tundu la kupitisha hewa. Joto litapata pa kutokea.

mchomeleaji_wa_ligula (Mtwara) amejibu:

Naunga mkono karibu yote aliyosema fundi wa Mitwero, na nitajikita kwenye sampu kwa sababu ndiyo kazi ya mikono yangu.

Kabla ya kukata, ulizia sampu ya GX90 kwa wauza spea, pamoja na bomba lake la kunyonyea oili na kijiti cha kupimia. Usinunue moja bila vingine viwili. Chukua gasketi ya sampu ya injini yako uiweke juu ya ile unayotaka kununua, tundu kwa tundu, kabla hujatoa pesa. Ikikubali, shida yako ya kwanza imekwisha kwa gharama ndogo kuliko ya kuchomelea.

Isipokubali, basi tunaijenga upya sampu uliyonayo. Paka chokaa au kalamu ya mafuta kwenye krosimemba, shusha injini hadi iguse, uinue tena. Alama itakayobaki kwenye sampu ndiyo ramani yako. Kwa maelezo yako nadhani mfuko wa kutoa utakuwa wa kama milimita 150 kwa 60, kina cha 40. Huo ni ujazo wa sentimita za ujazo 360, yaani zaidi ya theluthi moja ya lita ya oili unayoiondolea injini ambayo itafanya kazi ngumu kuliko ile ya mwanzo. Usiiache ipotee. Ongeza bawa upande wa sampu ambao una nafasi, lirudishe hicho kiasi, na uweke bamba la ndani la kuzuia oili isikimbilie upande mmoja gari linapokata kona. Usiongeze kimo kwenda chini. Sampu inayoning'inia chini kuliko krosimemba inasubiri jiwe.

Watu wengi huharibu sampu kwenye hatua ya kuchomelea. Bati la sampu ni jembamba na ukingo wake wa boliti hupinda kwa joto, halafu unaweka gasketi na silikoni na bado inavuja kila asubuhi. Ifunge sampu kwenye bamba nene la chuma lililotobolewa kwa mpangilio wa boliti zake, au kwenye bloku mbovu kama unayo, kisha uchomelee vipande vifupi vifupi ukihama upande huu na ule ili joto lisikusanyike. Baada ya hapo isafishe ndani hadi chembe ya mwisho, kwa sababu matone ya kuchomelea yakiingia kwenye pampu ya oili umemaliza injini.

Kuna kipimo cha zamani cha uvujaji ambacho bado sijaona kinachokizidi. Paka maji ya chaki kwenye mishono yote upande wa nje, iache ikauke iwe nyeupe, mimina mafuta ya taa ndani na uache usiku kucha. Mahali penye tundu hata la sindano, asubuhi chaki itakuwa na doa jeusi lenye unyevu. Chomelea tena hapo, upime tena.

Ukishabadilisha umbo la sampu, hakikisha mdomo wa bomba la kunyonyea uko milimita 6 hadi 10 juu ya sakafu ya sampu. Ukigusa sakafu, pampu inakosa oili. Ukiwa juu sana, inanyonya hewa kwenye kona. Pima nafasi hiyo kwa donge la udongo laini: liweke chini ya mdomo wa bomba, funga sampu kwa boliti chache pamoja na gasketi yake, fungua, kisha kata donge na upime unene wake.

Sasa supachaja. Hapa ninapingana na fundi wako waziwazi. SC14 ina oili yake yenyewe ndani ya sanduku la gia zake, haitumii ya injini, na kiwango cha oili hiyo kinapimwa supachaja ikiwa imekaa kwa pembe iliyowekwa na kiwanda. Ukiigeuza kwenye braketi ili puli ishuke, kipimo kinakuwa cha uongo na sili zinaweza kuzama au gia zikabaki kavu. Baipasi nayo haiondolewi. Supachaja hizi za Toyota zina klachi ya sumaku ambayo hukatika injini isipokuwa na mzigo. Klachi ikikatika, rota zinasimama na injini inavuta hewa yake kupitia baipasi hiyo hiyo. Ukiiziba, umeiziba pua ya injini.

Kuhusu boneti, namjibu dereva wa Newala kwa heshima: tundu la boneti linafaa mahali pasipo na masika. Mvua zetu zikianza, maji yatashuka moja kwa moja juu ya koili na soketi za waya. Kama ni lazima, lifungwe kava lenye mfereji wa kupeleka maji pembeni, na mbavu za ndani za boneti ziachwe zilivyo, kwa kuwa ndizo zinazoizuia isipepee kwenye mwendo.

mkazi_wa_chuno amejibu:

Asanteni sana wakuu, na fundi wangu nimemsomea majibu yote tukiwa gereji. Kwa krosimemba amekubali. Kwa baipasi alinyamaza kidogo, akazungusha puli kwa mkono huku klachi ikiwa haina umeme, akaona inazunguka peke yake bila kuvuta rota, akasema sawa.

Tumefunga maunting mpya na sampu ya GX90 tumeahidiwa na muuza spea; gasketi tutaipeleka tukalinganishe. Kwa muda huu tumeivua sampu ili injini ikae mahali pake halisi tupime vingine. Pembe ya giaboksi na ya difu zinapishana kwa nusu digrii.

Kwa boneti tulitumia unga wa ngano uliokandwa mgumu na kupakwa mafuta kidogo usinate, tukaweka madonge juu ya bomba, juu ya kava la taimingi na juu ya kona ya supachaja, tukaishusha boneti taratibu bila kuibamiza. Kwenye kava la taimingi donge limebaki na unene wa milimita 22, kwenye supachaja 17. Bomba la intakula ndilo lenye shida: kwenye kona yake ya juu unga wote umekamuliwa ukaisha, na boneti bado imebaki wazi milimita 6 kutoka kwenye kufuli. Kwa hiyo ni kona moja tu inayotuzuia. Fundi anauliza kama anaweza kuliminya bomba hapo liwe bapa, au hewa itazibwa?

Kwenye feni bado hatujaamua. Kutoka ncha ya mbele ya puli ya supachaja hadi uso wa rejeta, feni ya asili ikiwa imetolewa, kuna milimita 118.

fundi_wa_mitwero amejibu:

Vipimo hivyo vinaeleweka, na hongera kwa fundi, maana mtu anayezungusha puli kwa mkono kabla ya kukubali ndiye wa kumwachia gari.

Bomba la milimita 60 ukiliminya hadi kimo cha 40, upana wake unafika kama 71, na eneo la ndani linapungua kwa takribani asilimia 11. Kwa kipande kifupi cha kona, injini ya lita mbili haitalisikia hilo. Lakini usiliminye kwa nyundo. Bomba lililominywa kwa nyundo hupata mikunjo ndani, na mikunjo ndiyo inayovuruga hewa kuliko ule ufinyu. Kata kona hiyo, tengeneza kipande bapa kwa bati, kimo 40 na upana 79, ambacho kinarudisha eneo lote la bomba la 60, kisha uchomelee kwenye bomba duara pande zote mbili kwa mteremko wa polepole. Utapata milimita 20 kwenda chini. Ukitoa 6 zinazoizuia boneti, unabaki na 14, na hizo zinatosha juu ya injini kwa sababu injini huegemea pembeni zaidi kuliko inavyoruka. Ukiweza kuizungusha kona hiyo kidogo iangalie mbele badala ya juu, utapata zaidi.

Kwenye ncha za mabomba weka ukingo uliovimba, na maungio yawe ya mipira ya silikoni yenye nyuzi ndani. Mpira wa kawaida wa rejeta hulainika kwa mvuke wa oili, na hewa inayotoka kwenye supachaja ni ya moto. Mpira mmoja laini wenye urefu wa kutosha uwe pale bomba linapotoka kwenye injini kwenda kwenye intakula, kwa maana intakula imefungwa kwenye bodi na haitembei, injini inatembea. Bomba la kurudi lipitishe chini ya busta badala ya ubavuni mwake, mbali na mabomba ya breki, na lifungwe kwa klipu yenye raba ili lisisuguane na kitu.

Feni: milimita 118 ni nafasi nzuri. Feni ya umeme yenye injini nzuri ina unene wa kama 60 hadi 80 pamoja na kava lake, kwa hiyo utabaki na 38 au zaidi mbele ya puli. Hapo nakubaliana na dereva wa Newala kuhusu aina ya feni, si kuhusu kung'ang'ania ile ya asili. Chagua mbili zenye kava kamili, zifungwe kwenye fremu ya rejeta kwa braketi, si kwenye mapezi. Ziwekwe upande wa injini zikivuta, kwa kuwa zikiwa mbele zikisukuma nguvu yake hupungua na huziba hewa gari likiwa mwendoni. Angalia altaneta yako; feni mbili za namna hiyo zikiwaka pamoja na AC na taa za usiku zinakula umeme mwingi.

Mkanda wa supachaja upangwe kwa rula ndefu ya chuma iliyonyooka: iegemeze kwenye uso wa puli ya kranki hadi ya supachaja, na mwanga usipite. Ukiona mwanga wa zaidi ya milimita moja, rekebisha kwa washa nyuma ya braketi, maana mkanda uliopinda utapiga kelele kwanza kisha utajitoa.

Kila kitu kikishafungwa, rudisha yale madonge ya unga, safari hii pia kati ya bomba la kurudi na busta, na kati ya sampu na krosimemba. Washa injini, subiri ipate moto, weka vigingi kwenye magurudumu yote, kanyaga breki ya mguu na uvute ya mkono, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari, weka D na ukanyage mafuta kwa sekunde chache, zisizidi tano, kisha urudie kwa R. Zima, fungua boneti, pima madonge. Donge lolote lililobaki chini ya milimita 8 baina ya injini na bodi linamaanisha kipande hicho kinarudi kwenye meza.

Na namba ya injini imebadilika, kwa hiyo kadi ya gari ibadilishwe TRA baada ya gari kukaguliwa na trafiki, na bima ijulishwe. Fanya hivyo kabla ya kwenda Masasi.

mchomeleaji_wa_ligula amejibu:

Naongeza kidogo tu kwenye kipande bapa. Bati lake lisiwe chini ya milimita moja na nusu, na katikati ya uso ule mpana, upande wa nje, chomelea ubavu mmoja mwembamba wa kukaza. Bomba duara hulikabili shinikizo la supachaja bila shida, lakini uso bapa hujitunisha na kurudi kila mara unapokanyaga na kuachia, na mshono wa kona ndio unaochoka. Ubavu huo uwe na kimo cha milimita 3 au 4, na uuhesabu ndani ya zile 14 za boneti.